Barabara Iliyojengwa Kimya

Nilirudi kwetu Kasongo na diploma ya kazi za barabara. Hakuna aliyenilipia masomo. Niliosha sahani za mapadri mpaka nikaingia darasani mwao. Nilipokabidhiwa kipande cha barabara iendayo Kabambare, mimi peke yangu kati ya watu weusi ndiye niliyevaa viatu pale kazini, na sioni haya kulisema.

Malori ya kumwaga udongo, tuliyoyaita bene, yalikuja kinyumenyume mpaka miguuni mwa wenye makoleo. Dereva haoni kilicho nyuma yake. Basi niliamuru: lori likirudi nyuma, kila mtu asogee upande wa dereva, amwone usoni. Nikakataza pia kuingia chini ya sanduku la lori lililoinuliwa ili kukwangua udongo ulionata. Wote walitii, isipokuwa baba yangu mdogo.

Yeye alikuwa mwimbishaji. Mikono yake ilikwisha nguvu. Posho aliipata kwa sauti. Alisimama akiwatazama wenzake, mgongo kwa malori, akianzisha wimbo nao wakiitikia kwa makoleo. Nilipomwambia ageuke, alicheka, akaniita mtoto wa kaka yake mkubwa.

“Mutoto wa yaya, nikigeukia bene, bene ndiyo itaitikia?”

Kibarua mwingine akasema afadhali bene, ina sauti kuliko kapita wao, yaani mimi msimamizi.

Asubuhi moja ya manyunyu wimbo ulikuwa umepamba moto, lori likarudi nyuma. Dereva alipiga honi, wimbo ukaimeza. Niliisikia kwa sababu mimi sikuwa naimba. Nilimvuta baba mdogo kwa ukosi wa shati, gurudumu likapita pale alipokuwa amesimama. Kopo lake la maji likawa bapa kama jani.

Siku hiyo nilipiga marufuku wimbo. Hakubishana nami mbele ya watu. Jioni alikuja mlangoni kwangu, akakataa kiti.

“Umeniokoa, nimeshukuru,” akasema. “Sasa unipatie kazi ingine. Ile yangu umeiua.”

Sikuwa na kingine ila koleo. Wenzake wakawa wanamjazia fungu lake la udongo kwa siri, mpaka mkubwa wetu Mzungu akaona. Nilimwombea kazi ya kuongoza malori kwa bendera. Mzungu alinisikiliza mpaka mwisho, akakisifu Kifaransa changu, kisha akamwachisha kazi. Baba mdogo alishika njia ya Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, na habari zake zikakatika.

Katika vipande vya barabara vya wasimamizi wengine walizikwa watu. Kwangu hakupondwa hata mmoja, na hilo nalisema kichwa juu.

Siku ya kufungua barabara, Mzungu yule alitaka vibarua waimbe kama zamani. Walisimama na makoleo yao, wakanitazama mimi. Hakuna aliyeanza. Mzungu alisubiri kidogo, akapanda gari lake, akaelekea Kabambare.