Waya Mwekundu wa Mjukuu Wangu

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini sola ya nyumba yangu naishughulikia mwenyewe. Fundi alikuja mara moja tu akanionyesha: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, basi. Tangu hapo panya akikata waya napanda mimi. Majirani wa hapa Karurumo taa zikiwazimikia huniita, nami huenda kichwa juu. Kwa hivyo mjukuu wangu alipoanza kuunda roboti, nilitangaza kanisani kwamba msichana huyu amerithi kwangu.

Ilikuwa kigari tu. Ubao wa sanduku la nyanya, magurudumu ya vifuniko vya mikebe, na mota mbili ndogo kama vidole gumba. Kingebeba mahindi kutoka jikoni mpaka kwa kuku, kimwage, kirudi. Alikusudia kukipeleka kwenye mashindano ya shule, na atakayeshinda angekwenda kushindana Embu mjini. Aliitaka hiyo safari kuliko nguo mpya. Mimi niliitaka hata zaidi yake.

Jioni ya kuamkia siku ya mashindano alienda kuteka maji, nami nikakiinamia kigari. Betri zilikuwa mafungu mawili: fungu kubwa la mota, na fungu dogo la kile kibao cha kijani alichokuwa akikiita ubongo. Nyaya nyeusi zote alikuwa ameziunganisha. Nyekundu zilikuwa zimeachana, kila mmoja na njia yake. Nikasema moyoni, maskini, amesahau. Nikazimenya kwa meno, nikazisokota nyekundu kwa nyekundu, nikafunga na kipande cha nailoni. Sikumwambia kitu. Nilitaka kigari kikimbie kwanza, halafu mbele ya wanawake wenzangu niseme kwamba hata mimi nilitia mkono.

Kesho yake nilienda shuleni na akina mama wa kanisa, tukajaza benchi nzima. Nilivaa kitambaa changu cha Pasaka. Mjukuu wangu akasimama akaeleza, Kiingereza kikimtoka kama maji, kidole kwenye mchoro wake. Nikamkanyaga jirani yangu mguu ili asikie vizuri. Kisha mtoto akawasha.

Magurudumu yalishtuka kidogo. Kibao cha kijani kikatoa moshi mwembamba na harufu ya plastiki iliyoangukia motoni. Ikawa basi. Watoto wa nyuma wakacheka, mmoja akasema hao kuku watakufa njaa.

Mwamuzi, kijana wa miwani, aliinama akaifunua nailoni yangu. Akauliza ni nani aliyefunga hapo. Mjukuu wangu akalitazama lile fundo. Analijua, ndilo ninalofungia mbuzi. Akainua macho akaniona, akayarudisha chini.

"Ni mimi, mwalimu."

Mwamuzi akasema anashangaa, maana kwenye mchoro nyaya hizo ameziacha mbali, sawasawa kabisa. Nguvu ya betri za mota ni nyingi, akasema, imeingia kwenye ubongo ikauchoma. Jasho likanitoka mpaka ndani ya kitambaa. Nikae pale, mtoto abebe uchafu wangu? Nikasimama.

"Huyo anadanganya. Aliyefunga ni mimi, cucu yake."

Nilidhani nimemwokoa. Mwamuzi akaweka kalamu chini, akaniita mama, akaongea polepole kama mtu anayeongea na mgonjwa. Kosa la mtoto, akasema, hupunguza alama tu, na huyu alikuwa amepata nyingi kwa mchoro na maelezo yake. Lakini kazi ikiguswa na mtu mzima, inaondolewa. Wanafunzi wote walikuwa wameambiwa hivyo.

Akaiondoa.

Kumbe mtoto alijua. Mimi nilifikiri ananisitiri, naye alikuwa anaipigania safari yake. Nilikuwa nimeiharibu kwa mikono, na sasa nikaimaliza kwa mdomo, nimesimama wima ili kila mtu anione.

Tukitoka, mmoja wa akina mama alinishika bega akasema nimefanya vyema kusema ukweli, si wengi wangeweza. Afadhali angenitukana. Wengine walianza kuzungumza habari za mvua.

Njiani msichana alitembea mbele, kigari kwapani. Hakulia. Nilimngoja alie ili nipate la kusema. Tulipofika uani alikiweka chini ya upenu, akasimama amenipa mgongo.

"Cucu, ungeniuliza."

"Ningekuuliza nini? Nilikuwa najua."

"Ndiyo hiyo," akasema.

Akaenda kuosha miguu. Nilisikia maji yakimwagika nyuma ya nyumba, kisha mlango wake ukifungwa taratibu, hata hakuubamiza. Nami nikabaki uani na kitambaa changu cha Pasaka kichwani, naogopa kuingia nyumba yangu mwenyewe.