Yowe la Bibi Birthe

Miaka arobaini katika kiwanda cha mikate ilimwachia Bibi Birthe vitu viwili: sauti kubwa, kwa kushindana na mashine za kukandia, na kifua kibovu, kwa vumbi la unga. Sauti tuliifaidi sisi majirani.

Kwetu mjini Aarhus, kila siku ya kuzaliwa mtoto huokewa mtu wa keki, keki yenye umbo la mtu, mwenye nywele za pipi nyeusi na bendera ndogo mwili mzima. Mwenye siku yake humkata koo, na wote waliopo humpigia yowe marehemu. Katika ua wetu, bila yowe la Birthe mtu hakuhesabiwa kuwa amekufa. Wanangu wawili wamechinja wengi kwa sauti yake.

Aprili ile ya korona, daktari akamkataza kukaribia mtu yeyote, hata Asta, mjukuu wake wa pekee, aliyeishi ng'ambo ya ua, ghorofa ya pili. Asta alikuwa anatimiza kumi na tano. Birthe hakuwahi kukosa siku yake hata moja, na hii ilimuuma kuliko kifua.

Asta naye akajifanya mkubwa. Birthe huongea na simu dirishani kwa kipaza sauti, kwa hiyo siri zao ni zetu.

"Bibi, mtu wa keki ni mambo ya watoto. Usijisumbue."

"Wewe mkubwa? Juzi si ulilia mama yako alipokukata nywele?"

"Zile si nywele, Bibi, ule ni msiba!"

Mtoto kwa mzazi hakui. Birthe akaoka, akaliacha sinia mlangoni kwao, akabonyeza kengele, akakimbia, kama kwenda kwa mkongojo ni kukimbia. Akasimama uani karibu na baiskeli.

Asta akatokea dirishani na sinia, pua juu, nywele za mbele zimepanda kama pazia lililosinyaa kwa dobi. Majirani tulijaa madirishani. Kisu kilipoinuka tukapiga yowe mpaka mbwa wakabweka. Birthe akafungua kinywa, kikatoka kikohozi. Akajaribu tena, kikohozi tena. Akampungia Asta mkono aendelee, akageuka aende zake.

"Nyamazeni nyote!" Asta akafoka. "Bibi! Huyu simchinji mpaka nikusikie wewe."

"Kata tu, mjukuu wangu. Kifua kimegoma."

"Basi atakaa hapa hata wiki."

"Ataota ukungu!"

"Shauri yako!"

Birthe akaketi kwenye benchi. Akavuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine. Likatoka yowe jembamba, la mlango usiotiwa mafuta. Hakuna aliyecheka. Asta akakata koo, kisha akainamia sinia muda mrefu. Tulidhani anachagua peremende, kumbe analia.

Akashusha kichwa cha keki kwa kikapu na kamba, chote kwa bibi yake. Birthe akakila palepale benchini, huku bendera ingali imechomekwa sikioni mwa marehemu.

"Bibi!" Asta akaita kutoka juu. "Mwakani usipokuwepo kupiga yowe, mimi sitimizi kumi na sita. Umesikia?"

Birthe alikuwa na keki mdomoni. Akaichomoa ile bendera, akaipunga.