Miaka Mitano ya Marehemu Edson

Mama mkwe wangu, Nesta, hajui kugombana. Ukimkosea atakuitikia salamu, atakupa kiti, halafu utajuta. Jirani yetu Zabron aliwahi kuchukua jembe lake uani bila kuomba. Mama hakumdai. Kesho yake asubuhi alibeba kigoda, akaenda kuketi pembeni mwa shamba la Zabron. "Jembe langu limekuja kulima," alimwambia, "na mimi nimelisindikiza." Siku tatu alikaa pale, na kila mpita njia aliyesalimia alielezwa. Siku ya nne Zabron alileta jembe limeoshwa, na kuku juu yake.

Nalisema hili kwanza ili mwenyekiti wa Mpakani Stars asije akadai alishtukizwa.

Mama alizaliwa huko chini bondeni Momba, kwenye joto, akaolewa hapa Tunduma na mwanamume aliyevuka mpaka kwenda migodini akasahau njia ya kurudi. Alimlea mtoto wake mmoja, Edson, kwa kuuza maharage sokoni, bei akiwatajia wa huku kwa Kiswahili na wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa Kibemba. Edson akawa beki wa timu ya kata. Akanioa mimi, darasa la saba kutoka Mbozi, tukamzaa Jairo. Mtoto akiwa na miezi minane, kifua kilimchukua baba yake ndani ya wiki mbili.

Tulizika. Cheti cha kifo hatukukata. Edson aliandikishwa Momba, kwao mama, maana yake ni kwenda Chitete, kwenye ofisi za wilaya, na barabara ile inakutoa utumbo. Halafu nani ana nguvu ya kwenda kuieleza serikali jambo ambalo majirani wote wameshalilia? Basi Edson alikuwa amelala makaburini, lakini kwenye makaratasi alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na minne.

Mwenyekiti Watson alilijua hilo. Huyu ndiye mwenye malori, aliyeipandisha Mpakani Stars mpaka ligi ya kulipwa. Alikuja mchana mmoja mama akiwa sokoni. Akambeba Jairo, akamrusha juu, mtoto akacheka. Akasema amepata mshambuliaji wa ng'ambo, anaitwa Gibson, ila nafasi za wachezaji wageni zimejaa.

"Niazime cheti cha kuzaliwa cha marehemu, Mama Jairo. Jina lake litatajwa redioni kila wiki. Si bora kuliko kukaa sandukuni?"

Hakunipa hela, wala sikuomba. Nilitaka tu kulisikia jina lile redioni. Nilimpa.

Na kweli lilitajwa. "Edson Silwimba! Goooli!" Nilikuwa namnyonyesha Jairo, machozi yakanitoka. Mama aliacha kupepeta, akaniangalia. Nikamweleza yote.

Hakuyageukia maharage mpaka yakaungua jikoni.

"Amechukua jina bila kikao," alisema.

Kwetu jina la marehemu haliokotwi. Ukoo huketi, watu wakasema, na anayelirithi huchukua pamoja na watoto, shamba na mama wa kutunza. "Tungoje," mama alisema. "Tuone kama atachukua na hivyo vingine."

Msimu haukuisha. Timu moja waliyoifunga ilipeleka malalamiko, na picha za Gibson akicheza kwao kwa jina lake. Kamati ya nidhamu ya ligi iliketi. Watson akaiambia kwamba hata yeye alidanganywa, kijana aliletwa na familia ya Silwimba akiwa na karatasi zake mkononi. Sisi hatukuulizwa. Hukumu tuliisikia redioni: klabu imepokwa pointi tatu, mwenyekiti amepewa onyo kali, na mchezaji Edson Silwimba amefungiwa miaka mitano kwa udanganyifu.

Gibson wakati huo alishavuka kurudi kwao, anacheza kila Jumapili.

Sokoni hawakutuacha. "Mama Edson, kumbe mwanao alifufuka akaenda kudanganya watu!" Rafiki yake Roda, muuza nyanya, naye akadakia: "Akimaliza kifungo atachezea timu gani, ya malaika?" Mama alicheka nao. Jioni, tukichagua mawe kwenye maharage, aliniuliza polepole:

"Aliyepanga kaonywa. Aliyecheza anacheza. Wamemfungia yule asiyeweza kwenda kujitetea. Nimeelewa vizuri?"

"Nisamehe, mama."

"Wewe nitakusamehe tukimaliza. Kesho mbebe mtoto."

Tulikwenda kwa bodaboda, barua ya mtendaji mfukoni mwa mama. Ofisini Chitete karani alitazama tarehe.

"Amefariki mwaka mzima umepita. Mbona mmechelewa hivi kuja?"

"Alikuwa anacheza mpira," mama akajibu.

Jumamosi Mpakani Stars walikuwa nyumbani. Mama alivaa zile nguo nyeusi za matanga. Getini alikuwepo mlinzi, Osea, mpwa wa Zabron. Alipomwona mama na kigoda chake alifungua mara moja. Tukapanda mpaka jukwaa kuu, alipoketi Watson na kamisaa wa mchezo, yule anayeiandikia ligi ripoti.

"Shikamoo mama," Watson alisema, akitabasamu kwa ajili ya watu.

"Marahaba, mwanangu." Akamchukua Jairo mgongoni kwangu, akamweka mapajani kwa Watson. "Mtoto wako huyu."

"Mama, mpira unaanza."

"Ulichukua jina la Edson. Jina halitembei peke yake. Mtoto huyu hapa, mke wako yule pale, na mimi mama yako nina mgongo, nataka mtu wa kunilimia. Utatuhamisha lini?"

Watu wa jukwaani walianza kugeuka. Mmoja akapiga kelele, "Baba Jairo!" Likashika jukwaa lote: "Baba Jairo! Baba Jairo!" Watson alitaka kumrudisha mtoto, Jairo akang'ang'ania tai yake. Ndipo mama akamgeukia kamisaa, akampa cheti cha kifo.

"Mwanangu, naomba uwapelekee wakubwa wako. Wamemfungia huyu. Waulize walimwita kwa simu namba ngapi."

Kamisaa alisoma tarehe mara mbili. Hakucheka.

Wiki iliyofuata kamati ilinipigia mimi. Cheti cha kuzaliwa nilikitoa kwa mkono wangu. Nilisema hivyo hivyo. Nikasema na nani alikuja kukichukua, na alivyoketi, na maneno aliyosema, na kwamba alimrusha mwanangu juu. Mtu asiyesema sana huwa ameona mengi.

Kifungo cha Edson kilifutwa. Miaka ile ile mitano wakampa Watson, asikanyage uwanja wowote wa ligi.

Nilidhani tumemaliza. Mama akasema, "Kifungo bila askari?"

Basi kila Mpakani Stars wanapocheza nyumbani, Watson huegesha gari lake nje ya ukuta, vioo juu, akisikiliza makelele ya watu asiowaona. Na mama hufika na kigoda, akaketi kando ya mlango wa gari, anachambua maharage. Watu wakipita wakisalimia, anawaeleza.

Jairo sasa anatembea vizuri. Goli likilia ndani ya uwanja, huenda mwenyewe mpaka kwenye gari, akagonga kioo kwa kiganja na kusema, "Shikamoo, baba."

Watu husifu: bibi kamfundisha adabu mtoto. Mama hakumfundisha. Ile shikamoo nilimfundisha mimi, wiki nzima, nikimwogesha.