Kisamvu cha mgeni kilivyomfunza Restituta kukataa

Saa moja na nusu asubuhi, umande bado umelala kwenye majani, Restituta Mbunda amechutama katikati ya shamba la mihogo Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, mkasi mkononi. Anakata kipande cha jani, anakitumbukiza kwenye kichupa chenye dawa, anafunga, anakizamisha kwenye boksi la barafu. Midomo yake inahesabu kimyakimya. Akifika ishirini hajafunga, kipande hicho anakitupa na kuanza upya.

Pembeni amesimama mwenye shamba, Bibi Serafina Haule, mikono kiunoni.

"Na hayo maglovu, Resti, kwani mimi nina upele?"

"Huna, bibi. Mchafu ni mimi. Jasho langu likigusa jani, linaharibu kile tunachokitafuta."

"Basi una jasho kali, wewe!"

Kinachotafutwa hakionekani kwa macho. Ni RNA, nyuzi ndogo mno zinazobeba maagizo ndani ya mmea. Juu ya nyuzi hizo hukaa alama za kikemikali, ndogo zaidi. Mradi anaoufanyia kazi Restituta unataka kujua kama alama hizo zinahusiana na jambo moja la ajabu: mashina sita ya Bibi Serafina hayakuoza, wakati mihogo iliyoyazunguka ililiwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia.

Restituta ana miaka 27, ni mzaliwa wa Litumbandyosi, upande wa milimani, na elimu yake ni darasa la saba. Mradi ulimwajiri kuosha vyombo vya maabara ndogo mjini Mbinga. Miezi minane alikuwa anaosha, macho yakiwa kwa wengine.

"Niliona wanaochelewa kufunga vichupa ndio wanaoambiwa warudie," anasema. "Hakuna aliyenifundisha. Nilihesabu tu."

Siku mchumaji mmoja wa majani alipougua, kiongozi wa mradi, Dokta Violet, alimwambia ajaribu. Vichupa vyake kumi vilifaa vyote. Siku hizi kila siku ya shamba anapata shilingi elfu ishirini, mara mbili ya kibarua chake cha zamani cha kuchuma kahawa.

Kazi yenyewe aliielewa kupitia kwaya ya parokia. Mashine za zamani, Dokta alimweleza, hunakili uzi kwanza, kisha husoma nakala.

"Nikamwambia, Dokta, hilo nalijua. Ukinakili wimbo kutoka daftari la mwalimu wa kwaya, unaandika maneno. Vile vialama vyake vya penseli, hapa vuta pumzi, hapa shusha sauti, unaviacha hukohuko."

Ipo njia ya kuutia uzi kemikali ili penye alama pabaki kovu kwenye nakala. Mashine mpya haihitaji nakala. Inaupitisha uzi wenyewe kwenye kitundu chenye umeme, na kwenye alama umeme unayumba. Ila uzi ukishakatikakatika, hakuna mashine ya kuusaidia. Na jani likishachumwa, uzi huanza kukatika.

Hapo ndipo Restituta alipojikwaa, Machi mwaka jana.

Pikipiki ilipata pancha njiani, akafika Lituhi jua limeshapanda. Bibi Serafina alikuwa ameambiwa mgeni anakuja kuchukua majani ya mihogo. Kwake hicho ni kisamvu, na mgeni hatumwi shambani kujichumia. Alidamka akachuma machanga, akayaosha, akayafunga kwa kamba za mgomba, kila shina fungu lake.

"Ningemwambiaje bibi wa watu kwamba hayafai?" anasema Restituta. "Kaamka kwa ajili yangu. Nikapokea kwa mikono miwili."

Akayakata, akayatia kwenye vichupa, akaandika namba. Saa ya kuchuma hakuiandika.

Wiki tatu baadaye majibu yakarudi: makombo matupu, nyuzi zimekatikakatika. Dokta Violet alikuwa anakaribia kuyafuta mashina yale sita kwenye utafiti. Na Jumamosi ya wiki hiyohiyo Bibi alikuwa amepanga kung'oa shamba lote atengeneze makopa, mihogo ya kukausha.

"Angenyamaza nisingejua," anasema Dokta kwa simu. "Nilikuwa nalaumu barafu. Akasimama mlangoni akasema, Dokta, ni mimi, nilipokea kisamvu."

Dokta alimpa siku mbili akakate upya. Kwa Restituta, kumkabili Dokta kulikuwa afadhali. Kazi ilikuwa kwa Bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefuata kisamvu kingine?"

"Nimekuja kuomba radhi. Kile kilifaa sufuria, mashine imekikataa. Nilitakiwa nikate mwenyewe, jani likiwa kwenye mti."

"Kwa hiyo nimekuharibia kazi?"

"Nimejiharibia mwenyewe. Niliona haya kukwambia."

"Mtoto wa mlimani, unaona haya mbele ya kisamvu! Siku ukiletewa mchumba si utajificha uvunguni?" Akamfungulia njia. "Haya, ingia. Ila ukimaliza utakula."

Restituta alikata upya. Vichupa kumi na viwili vilisomeka vyote, na alama zikaonekana. Kama ndizo zinazozuia kuoza, hakuna ajuaye bado. Jumamosi ile Bibi aling'oa shamba, akaacha yale mashina sita tu yamesimama. Pingili zake ndizo zilizozaa shamba la msimu huu.

Mashine yenyewe iko Dar es Salaam, na Restituta hajawahi kuiona. Amejiandikisha masomo ya jioni mjini Mbinga, mwakani afanye mtihani wa QT, unaomfungulia aliyeishia darasa la saba mtihani wa kidato cha nne.

"Nataka nikae mbele ya ile mashine, umeme ukiyumba nione kwa macho yangu," anasema, akivua glovu. "Halafu nije nimweleze bibi mihogo yake inasema nini."

Na ikionekana alama hazihusiki kabisa?

"Nitakuja kumwambia hivyohivyo," anajibu. "Siwezi tena kumficha."