Sheria za Ng'washi za Ishirini na Moja

Jirani yangu Ng'washi aligawa karata katika kasino moja ya Mwanza kwa muda mrefu kuliko ambavyo mama yake, Mama Suzana, angependa watu wa mtaa wetu wa Mtendeni wajue. Kanisani mama alisema binti yake yuko "kwenye mambo ya hoteli". Haukuwa uongo kabisa, maana kasino yenyewe ilikuwa chini ya hoteli. Wageni walishindwa kutamka mwanzo wa jina lake, kwa hiyo kibandiko chake cha kifuani kiliandikwa Washi tu, naye hakuwahi kulalamika.

Alirudi Tabora mdogo wake Benjamini alipopata kiharusi. Benjamini alikuwa kondakta wa basi la Igunga, na Jumapili alipiga tarumbeta katika bendi ya kanisa letu la Moraviani. Kiharusi kiliuacha mkono wake wa kulia umelala, na vitufe vya tarumbeta hubonyezwa kwa vidole vya kulia. Alitaka kitu kimoja tu: alfajiri ya Pasaka asimame makaburini na wenzake, pale bendi yetu hupiga kila mwaka jua likichomoza juu ya misalaba.

Hospitali walimpa mpira mdogo wa kuminya. Akauminya siku chache, kisha akawarushia watoto wa jirani.

"Nitaminya mpaka lini?" aliniambia. "Mpira haunijibu."

Ng'washi alisikia. Kesho yake alasiri akatandika mkeka barazani, akaweka sahani ya karanga za maganda, akatoa karata.

"Karata!" Mama Suzana alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Katika nyumba hii karata zimeingia lini?"

"Zimeingia jana, mama, mpira ulipotoka."

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu hupewa karata mbili na huweza kuongeza, ili aikaribie ishirini na moja kuliko mgawaji, bila kuizidi. Kila karata ya picha huhesabiwa kumi. Mgawaji huacha karata yake moja wazi, na akiwa chini ya kumi na saba lazima aongeze. Na ukipata mbili zinazolingana, unaruhusiwa kuzitenganisha ziwe marundo mawili, kila moja liongezewe karata yake.

Hapo ndipo Ng'washi alipoleta sheria zake. Mwanza aliona sheria za kila aina: meza moja mkilingana mgawaji anachukua, meza nyingine mfalme hatenganishwi na malkia ingawa wote ni kumi. Lakini hakuna kasino iliyowahi kuwa na sheria kama za baraza lile. Kumi mbili ni lazima zitenganishwe. Kila rundo lina mkono wake: la kwanza hushikwa kwa wa kushoto, la pili kwa wa kulia. Karata ikianguka, rundo limeshindwa. Na karanga unazoshinda unazimenya kwa mkono wa kulia, au huli.

"Dada, nani anatenganisha ishirini?" Benjamini alipiga kelele mara ya kwanza. "Ishirini! Mtu ana ishirini anakaa kimya!"

"Ndiyo maana nakutenganishia. Umekaa kimya vya kutosha."

Baadaye aliniambia alikoipata sheria ile. Kulikuwa na mchuuzi wa samaki aliyekuja mezani kwake kila mwisho wa wiki na kutenganisha kumi zake daima. Wachezaji wenzake walimchukia. Walidai anaiharibu meza, anawanyang'anya karata zao nzuri. Wengine walihama. Siku moja Ng'washi akamuuliza kwa nini. Yule mzee akasema ishirini inamchosha, kwa sababu ukishaipata huna tena la kufanya. Ng'washi alimwona mpumbavu. Alimkumbuka tena alipomkuta mdogo wake kitandani, ametazama ukutani.

Miezi ilipita hivyo. Karata zilidondoka, Benjamini akatukana, akashindwa kwa kutenganishiwa ishirini yake. Wawili peke yao waligombana mno, kwa hiyo Mama Suzana akaketi katikati kama mwamuzi tu, alivyosema. Wiki iliyofuata alikuwa na karata zake.

"Nina kumi na sita," alisema, akinikodolea macho kana kwamba mimi ndiye mchungaji. "Nifanye nini?"

"Ongeza, mama," nikamwambia.

Ikaja tano. "Haleluya!" akapaza sauti, kisha akatazama barabarani kama kuna mtu wa kanisani aliyesikia.

Pasaka ilipokaribia, Shilinde, kiongozi wa bendi, alimletea tarumbeta ajaribu. Kidole cha kwanza kilibonyeza. Cha pili kikabonyeza. Cha tatu kililala juu ya kitufe kama si chake. Shilinde alisema watasubiri. Benjamini akamrudishia tarumbeta bila kumtazama.

Alasiri ile alikataa kuketi mkekani.

"Nimechoka na sheria zako. Tucheze mara moja, sheria za kweli, za kasino. Nikishinda, unaniacha. Hakuna karata, hakuna mpira. Pasaka waende wao."

Ng'washi alizichukua karata. "Na nikishinda mimi?"

"Nitaendelea mpaka unizike."

"Mayu wane!" mama akaguna kwa Kisukuma, akimwita mama yake.

Ng'washi akachanganya. Nilizoea kuona mikono yake ikifanya kazi hiyo, lakini siku ile niliitazama kwa hofu, maana mikono ile ingeweza kumletea mtu karata yoyote iliyotaka. Akagawa. Mbele ya Benjamini zikaanguka mfalme na malkia. Mbele yake mwenyewe, wazi, ikawa sita.

"Sheria za kweli," Benjamini akasema. "Natulia."

Ng'washi akafunua karata yake ya pili: kumi. Akalazimika kuongeza. Ikaja tisa. Amezidi.

"Umeshinda," akasema, akamsogezea sahani nzima ya karanga.

Benjamini akaanza kujigamba. Alimwambia mama amwandalie chai, kondakta haonewi na mtu wa hotelini, Igunga nzima itasikia. Na huku anasema, akachukua karanga, akaivunja ganda, akaitupa kinywani. Akachukua nyingine. Mkono wa kushoto ulikuwa hewani ukionyesha Igunga iliko. Wa kulia ndio uliokuwa ukimenya: ganda limebanwa kati ya dole gumba na kile kidole cha tatu.

Mama Suzana akaweka kiganja mdomoni. Ng'washi akamkanyaga mguu chini ya khanga asiseme neno. Kisha Ng'washi akakusanya karata, akazifunga kwa utepe wa mpira, akaingia nazo ndani. Ahadi ni ahadi.

Jikoni, mama alimnong'oneza Ng'washi, "Hukuweza kumchezea ujanja kidogo, ashindwe?"

"Mama, watu nisiowajua sikuwahi kuwachezea. Nimchezee Benjamini?"

Jioni ile Benjamini alitazama maganda yaliyojaa upande wake wa kulia. Akakunja na kukunjua kidole cha tatu. Asubuhi akampigia simu Shilinde arudishe tarumbeta.

Pasaka alisimama mstari wa nyuma. Sauti za kidole cha tatu zilichelewa kidogo, zikifika wakati wenzake wamekwisha pita, na kwenye ubeti wa mwisho alikosea wazi. Hakuna aliyegeuka. Ng'washi alisimama kando ya kaburi la baba yao, mikono nyuma, kama alivyosimama miaka yote akisubiri wageni waamue.

Tulirudi nyumbani jua limekwisha panda. Benjamini akaketi barazani, tarumbeta mapajani.

"Dada, karata ziko wapi?"

"Si ulishinda?"

"Nilishinda kwa sheria za Mwanza," alisema. "Lete tucheze kwa zako. Kidole hiki bado kinachelewa."

Mama Suzana alikuwa amekwisha kwenda kuleta karanga.