Hoteli ilikosa wageni, tukaambiwa tulete mama zetu

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa pwani na wa bara. Nanyi mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, nawaona pia.

Haya yamenifika mimi mwenyewe, hapa hapa Malindi, na nitayasimulia vile yalivyokuwa. Mwenye kutaka chumvi zaidi atajitilia kwake. Jina la hoteli silitaji, kwa hivyo msinisumbue inbox.

Mimi ni weita. Miaka kumi na minne nimebeba trei kwenye hoteli moja ya ufuoni. Si kujisifu, lakini sahani sita nazibeba kwa mara moja na mchuzi haumwagiki. Kitaliano pia nakizungumza, ila ni cha mezani tu. Nikishatoka kwenye samaki na divai, nimepotea.

Watu husikia kwenye habari kwamba uchumi ni mbaya. Sisi maweita tuliuona kwenye sahani, mapema kabisa.

Kwanza wageni walianza kuagiza samaki mmoja kwa watu wawili. Halafu divai ikawa ya gilasi, chupa hawataki. Halafu wakaanza kuomba maji ya mfereji. Jamani, Mzungu anaomba maji ya mfereji Malindi! Kulikuwa na mama mmoja na mumewe waliokuwa wakija kila mwaka kwa wiki tatu. Wakaja siku nne. Mwaka uliofuata hatukuwaona.

Tukasema si kitu, tuna Wakenya wenzetu, Desemba itatuokoa. Familia za bara zikaja kweli, na majiko ya gesi kwenye buti za magari. Wao wanapika wali chumbani, sisi tumesimama mgahawani tunapanguza vikombe visafi. Siwalaumu. Hata mimi ningepika.

Baada ya Pasaka meneja wetu, Bwana Mutua, akatukusanya akatuambia twende likizo bila mshahara mpaka tuitwe. Likizo! Miaka kumi na minne naomba likizo ya wiki mbili nanyimwa, siku niliyopewa ikaja haina mwisho.

Nikarudi nyumbani Muyeye, ninakokaa na mama yangu, Bi Mwanaisha. Yeye hupika mahamri na mbaazi kila asubuhi na kuuza hapo mlangoni. Waliokuwa wakinunua manne sasa wananunua mawili, na mbaazi wanaomba mchuzi tu. Jirani mwenye tuktuk anaiegesha chini ya ukuta mpaka apigiwe simu, maana kuzunguka kutafuta abiria kunamlia petroli.

Mke wangu alikuwa kwao Lamu, amekwenda kujifungua kwa mamake, kama desturi yetu ilivyo. Mtoto wa tatu. Furaha ipo, lakini kila nikipigiwa simu kutoka Lamu nahesabu kwanza zilizobaki mfukoni ndipo nipokee.

Ndipo wakala mmoja akaniletea karatasi za kazi ya hoteli Arabuni. Mkataba wa miaka miwili. Akanipa mpaka Jumatatu nitie saini.

Nikamwonyesha mama zile karatasi. Akazitazama, akafuta unga mikononi, akasema, "Kheri, mwanangu." Basi. Nami nikaona ameridhia.

Sasa Alhamisi ya wiki ile ile Mutua akanipigia simu.

"Athumani, kuna mnunuzi. Mama mmoja wa Nairobi, anakuja kesho, atalala mpaka Jumapili. Anataka kuona hoteli inayopumua. Akinunua, nyote mnarudi kazini."

"Inapumuaje na wageni hakuna, bosi?"

"Ndiyo nikakupigia. Leteni watu wenu. Wazazi, wake, mashangazi. Wavae vizuri wakae kama wageni."

Nilicheka nikidhani mzaha. Mutua hakucheka. Naye pia ana watoto, na kwao Machakos wanamngojea.

Mama nilipomweleza aliniuliza maswali mpaka nikachoka.

"Nikawe mgeni wa nani?"

"Wa hoteli, mama."

"Hoteli si mtu. Mwenye nyumba atakuwepo?"

"Hayupo. Yuko Ulaya."

"Sasa nitampigia hodi nani?"

Mwisho akakubali, kwa sababu nilimwambia ukweli: yule mama akinunua, nitarudi kazini, ile safari ya Arabuni itakufa. Akainuka akachagua buibui lake la harusi.

Ijumaa mchana tukafika. Mama amebeba kikapu cha mahamri, kwa sababu haendi nyumba ya watu mikono mitupu. Na shuka lake mwenyewe. Nikamwambia mama, hii ni hoteli, mashuka yapo. Akasema, "Yapo ya wenyewe."

Nikamfungulia chumba namba kumi na mbili, kile cha pembeni.

Wakuu, hapa niruhusuni nitue kidogo.

Vyumba vile nimevipita miaka yote na trei begani, lakini sijawahi kukaa ndani ya hata kimoja. Tuliingia, feni inazunguka polepole, pazia jeupe linajaa upepo linatuna, linashuka, linatuna tena. Bahari inasikika lakini haina haraka. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki chini, akawa anatazama lile pazia tu. Sikumbuki tulikaa muda gani. Sikumbuki hata kama tulisema kitu.

Nilipotoka nikakuta hoteli imejaa. Wallahi nilisimama pale barazani nikaona kama naota mchana. Kando ya bwawa la kuogelea wamekaa watu wetu, kila mtu na nguo ya Idd au ya Krismasi. Hakuna anayeogelea. Wametia miguu tu kwenye maji, wananong'ona kama wako msibani au msikitini. Mama mkwe wa Katana (Katana ndiye mpishi wetu, mtu wa Jilore) amelala kwenye kiti cha jua, amejifunika leso mpaka usoni, pochi ameikumbatia. Mwanga unacheza juu ya maji na kwenye makuti ya paa. Upepo ukivuma wote wanafumba macho pamoja.

Nikajisemea, kumbe hivi ndivyo wanavyojisikia wenye nacho. Nikaona wivu, nikaona raha, vyote pamoja.

Yule mnunuzi akaingia saa kumi. Mama wa makamo, viatu vya chini, daftari mkononi. Akatembea taratibu, akaangalia, akatingisha kichwa. Mutua nyuma yake anatoka jasho la shingo.

Chakula cha jioni nikamhudumia mama yangu mzazi. Nimefunga tai, nimenyoosha mgongo. "Karibu sana, bibi. Ungependa kuanza na nini?"

Mama akanitazama kwa huruma. "Athumani, wewe ushakula?"

Nikang'ata ulimi nisicheke. Nikamnong'oneza, "Mama, agiza!" Akaagiza chai.

Mpaka hapo mambo yalikwenda. Jumamosi asubuhi ndipo tulipoharibu, na tuliharibu vile ambavyo ni watu wetu tu wangeweza kuharibu.

Mnunuzi aliomba kukagua vyumba vilivyolaliwa, aone kazi ya usafi ikoje. Mutua akamfungulia cha kwanza. Kitanda kimetandikwa, hakina kunyanzi. Cha pili vile vile. Cha tatu, bafu limesuguliwa, limekaushwa. Vikombe vimeoshwa vimefudikizwa kwenye veranda. Taulo zimefuliwa zimeanikwa kwa mstari. Mkwe wa Katana ameamka alfajiri, ametafuta fagio la chelewa, amefagia mpaka mchanga wa njiani, una michirizi mizuri kama uwanja wa harusi.

Mnunuzi akauliza, "Wafanyakazi wa usafi wanaanza saa ngapi?"

Mutua akasema, "Saa tatu."

Saa ilikuwa mbili na robo.

Akaandika kitu kwenye daftari, akashuka kwenda kuangalia jenereta. Mutua akatukimbilia, macho yamemtoka. "Chafueni! Nawaomba, wazazi wangu, chafueni kidogo! Tupeni taulo chini! Mgeni gani anafagia hoteli?"

Mama yangu akamjibu kwa adabu kabisa, "Bwana meneja, nitupe taulo la watu chini, kisha aliokote mtoto wa mwenzangu? Hilo sitaliweza, baba. Niambie jingine."

Na kweli hakuna aliyeweza. Mzee mmoja alijitahidi akamwaga maji kidogo sakafuni, kisha akaona haya akayapangusa na leso yake.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini ndani nilikuwa nalia, maana nilijua imekwisha.

Mchana ule mnunuzi akaja kukaa meza ya mama, chini ya makuti. Mimi nimesimama hatua mbili nyuma yao, trei kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mahamri. Nimepika mwenyewe."

Nikafumba macho. Basi.

Mnunuzi akachukua hamri moja akaling'ata, akatafuna bila haraka. "Mama, wewe si mgeni hapa."

"Mimi si mgeni," akasema mama. "Mimi ni mama wa huyu aliyeshika trei. Tumeambiwa tuje tukae, ili ununue, wapate kazi. Nisamehe. Nilitaka kukwambia tangu jana, sikupata nafasi."

Trei ilikuwa tupu lakini ilinilemea. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimkasirikia mama, nawaambieni kweli, nilimkasirikia kwa dakika nzima.

Mnunuzi hakukasirika. Alikaa anatazama baharini. Upepo umetulia, watu wetu wamesinzia kwenye viti, mchana ule mzito wa pwani ambao hata kunguru hanyanyuki. Kisha akauliza, polepole kabisa:

"Na wewe mwenyewe, mama, unataka nini?"

Mama akazungusha kikombe, akakiacha. Nadhani alikuwa akilitafuta jibu mahali ambapo hajaenda siku nyingi.

"Nataka asiende Arabuni," akasema. "Babake alikwenda melini miaka miwili, akarudi hanijui, wala mimi simjui. Tukaishi hivyo mpaka akafa. Shida naijua, nimezaliwa nayo. Lakini nataka awepo."

Hakunitazama. Alisema hivyo akiangalia kikombe.

Wakuu, miaka yangu ni arobaini na moja. Habari za baba na meli nilizijua. Hilo la kurudi wakiwa hawajuani sikuwahi kulisikia.

Jumapili asubuhi mnunuzi akatuita wote. Alisema hoteli ameipenda, na sisi ametupenda zaidi, lakini hataweza kununua. Si kwa sababu ya uongo wetu, alishaujua tangu Ijumaa, alipoona watu thelathini kando ya bwawa na hakuna aliyelowa. Ni kwamba hata kwake Nairobi amepunguza wafanyakazi, na wale aliotegemea wawe wageni wake hawasafiri tena. "Hata mimi," akasema, "nimekuja na chapati zangu kwenye gari."

Hoteli imefungwa. Mutua amerudi Machakos. Katana yuko Jilore analima, na ananiambia mahindi hayakumsaliti kama wageni.

Tulipokuwa tukirudi Muyeye mama aliniuliza, "Ni mimi niliyeharibu?"

Nikamwambia, "Hapana, mama." Kisha nikamwambia siendi. Jumatatu nikampigia wakala nikamwambia vivyo hivyo, akanitukana, nikamwacha amalize.

Sitawadanganya kwamba mambo ni mazuri. Asubuhi nauza chai na mahamri na mama, wikendi nikipata sherehe huko Bofa, Kilifi, nakwenda kubeba sahani kwa siku moja moja. Kuna siku tunakula vizuri na kuna siku tunakula tu. Mke wangu amerudi na mtoto wa kike. Amenilaumu kwa kuikataa ile kazi, na ana haki, bado tunalizungumza.

Nilichojifunza ni hiki. Miaka kumi na minne kazi yangu ilikuwa kuinama mbele ya watu nisiowajua na kuwauliza, ungependa nini? Nimewauliza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kitaliano. Mama yangu sikumuuliza hata siku moja. Ilibidi aje mtu wa Nairobi amuulize mbele yangu.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye kunicheka nichekeni, wenye kusema ningeenda Arabuni semeni, nitasoma yote. Ila kama mama yako yupo, kamuulize kwanza. Uzi utakungoja.