Mionzi Katika Mbaazi za Bi Mona

Bi Mona Zein alipika na kuuza mbaazi za nazi kibarazani kwake, mtaa wa Bondeni kisiwani, kwa miaka kumi na tisa, wala hakupata kumwona mtu akiziogopa, mpaka mwaka 1994 alipokuja Kenga.

Kenga alikuwa mwanafunzi wa fizikia wa chuo kikuu, mzaliwa wa Kaloleni. Alizunguka kisiwani akikusanya vyakula vya kila siku vikapimwe mionzi Nairobi. Alimwamkia Bi Mona kwa adabu, akamweleza kazi yake, akaondoka na kilo mbili za mbaazi kavu na dumu la maji ya kisima. Bi Mona alidhani ni mtu wa afya anayetafuta vijidudu. Akamfungia na mahamri ya njiani.

Baada ya miezi miwili barua ikaja, kwa Kiingereza. Akaipeleka kwa jirani yake Gharib, fundi saa, amsomee. Maji: mionzi chini ya bekereli moja kwa lita. Mbaazi: bekereli mia nne na kumi kwa kilo. Gharib akavua miwani. Bekereli hakuijua, lakini mionzi alikuwa ameisikia redioni, ule mtambo wa nyuklia wa Warusi ulipolipuka na mji mzima ukahamishwa.

Habari zikaenea mtaani, na kesho yake sufuria ilibaki imejaa. Bi Mona alikaa mbele yake akimfikiria marehemu mumewe, aliyekufa kwa saratani ya tumbo, na mbaazi ndizo zilizokuwa chakula chake cha asubuhi. Mchana akaenda posta, akapiga simu kwa nambari iliyokuwa kwenye barua.

Kenga alifika Ijumaa.

"Mionzi hii haikutoka kwenye mtambo, Bi Mona. Imo ardhini tangu zamani, na mmea huivuta pamoja na madini. Hata ndizi zinayo. Hata wewe na mimi tunayo mwilini."

"Na mimi pia?"

"Sote. Kiasi hiki ni cha kawaida."

Bi Mona alizidi kuchanganyikiwa. Akauliza, kama ni cha kawaida, mbona mtu asafiri kutoka Nairobi kuja kukipima? Kenga akajibu kwamba wasipokijua cha kawaida, hawatakitambua cha hatari kikija. Jibu hilo nalo halikumkaa akilini. Mwisho akauliza lililompeleka posta.

"Mume wangu alikula hizi kila siku. Niambie kweli, mwanangu."

"Hazikumuua mbaazi zako. Hilo nina yakini nalo."

Kisha akala sahani mbili pale barazani, watu wakimtazama. Gharib akafuata, akaomba kidogo tu. Mwezi ulipokwisha wateja wengi walikuwa wamerudi.

Walipomuuliza, Bi Mona alisema mionzi imo lakini haidhuru. Wakitaka kujua kwa nini, aliwaelekeza kwa Gharib, naye hakujua. Bi Mona alimwamini Kenga, ila kwa muda mrefu alikuwa akiutazama mkono wake unaokoroga, akijiuliza hiyo mionzi yake imekaa wapi.